Kifua kikibana mazoezini: maswali ninayoulizwa kila Jumatatu

Jumamosi alfajiri Coco Beach hujaa vikundi vya jogingi, fulana za rangi moja, spika inadunda. Napenda kuwaona. Jumatatu baadhi yao nawakuta kwenye benchi la kliniki yetu ya presha. Tunawaambia wafanye mazoezi kwa umakini tulivu, na maswali ni yaleyale.

Huo umakini tulivu mnaousema ni nini?

Ni kuiweka akili pale mwili ulipo: unahisi nyayo zinavyokanyaga, pumzi inavyoingia na kutoka, bega lilivyokaza. Akili ikitorokea kwenye kodi ya nyumba, unairudisha bila kujigombeza. Hauhitaji mkeka wa kununua. Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa hospitalini mwaka 1979, wengi wao wenye maumivu sugu.

Unanisaidiaje nisiache mazoezi?

Wengi hawaachi kwa uvivu. Siku ya kwanza wanakimbia kama wamefukuzwa, siku ya pili hawawezi kushuka ngazi, wiki ya pili raba ziko uvunguni. Anayeusikiliza mwili hupunguza mwendo mapema, kwa hiyo kesho anarudi. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Kwa mtu wa katikati ya kundi ilichukua siku 66 jambo kuwa la kawaida, na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo “nilikosa Jumatano, basi tena” ni kisingizio.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani: kuongea unaweza, kuimba huwezi. Kushuka basi la mwendokasi kituo kimoja kabla na kumalizia kwa miguu kunahesabika.

Kifua kikinibana nikikimbia, niendelee taratibu?

Hapana. Simama, kaa.

Mbona nikipumzika kinaachia? Si gesi hiyo?

Hapa ndipo mnaponichosha, mniwie radhi. Kubana kunakokuja ukipanda kilima na kuondoka ukikaa ndiyo dalili yenyewe ya mishipa ya moyo iliyosinyaa. Ukikimbia moyo unadai damu zaidi, njia haitoshi. Ukikaa, madai yanapungua. Gesi haijui kama unapanda au umekaa.

Baba mmoja alitoa mfukoni mwa bukta karatasi ya vidonge vya gesi, vimebaki viwili. Miezi mitatu alikuwa anatafuna kimoja kabla ya kukimbia, na anajisifu kwamba vinamsaidia. Kilichokuwa kinamsaidia ni kusimama kupumua.

Lakini kiongozi wa kikundi anasema ni mwili unazoea.

Mapaja yanazoea. Kifua hakizoei kubanwa. Akikuambia “kaza”, wewe kaa.

Nitajuaje kama ni kichomi tu?

Kile cha kukimbia na chapati tumboni huchoma ubavuni, chini ya mbavu. Cha moyo mara nyingi hubana katikati, kama umekaliwa kifuani, na kinaweza kupanda tayani au kushuka mkononi, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi. Baadhi ya wanawake na wenye kisukari hawasikii maumivu kabisa; wanaishiwa pumzi tu, au wanachoka ghafla. Una shaka? Usijipime mwenyewe. Hospitali kuna ECG, mashine inayosoma umeme wa moyo.

Nikijifunga nailoni tumboni, kitambi kitayeyuka?

Linatoka jasho, mafuta yanabaki. Kwa joto hili la Dar unajipika. Fungua.

Kikibana Jumamosi, naweza kusubiri kliniki ya Jumatatu?

Hapana. Umekaa dakika chache hakijaachia, au jasho baridi limekutoka: hospitali sasa hivi. Upelekwe, usiendeshe gari mwenyewe, usipitie duka la dawa. Mshipa ukiziba kabisa, misuli ya moyo inakufa huku wewe unatafuta soda ya kukutoa gesi.

Na kikiachia chenyewe?

Bado hapana. Nenda siku hiyohiyo, na hukimbii tena mpaka upimwe. Beba dawa zako zote unazotumia, na zile za gesi pia, tuzione.