Je, wajua korongo mia moja (swala wakubwa, si wale ndege) wanaweza kuhesabika kama wanne?

Korongo wa mwisho wa porini nchini Kenya wako Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Eneo hilo lilitengwa mwaka 1966, na mwaka 1983 likawa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Swala hawa wamebaki wachache mno, lakini kuhesabu vichwa hakutoshi. Swali zito zaidi ni hili: kati yao, ni wangapi wanaorithisha kizazi kijacho?

Kundi la korongo hutawaliwa na dume mmoja. Tuseme majike ni 99, na dume anayewapanda ni yeye peke yake. Kwa kanuni ya Mmarekani Sewall Wright ya mwaka 1931, unazidisha madume kwa majike, unazidisha tena kwa nne, kisha unagawanya kwa jumla yao. Jibu ni karibu 4. Hiyo ndiyo idadi faafu. Kila ndama amepata nusu ya jeni zake kwa baba yuleyule, hivyo kundi hupoteza utofauti wa jeni kwa kasi ya wanyama wanne tu.

Lakini porini nani anaandika nani kazaa na nani? Hapo ndipo DNA inaposaidia, hata ile ya kwenye kinyesi kibichi. Watafiti hupima alama za jeni zilizo kwenye kromosomu tofauti, ambazo kwa kawaida hurithiwa kila moja kivyake. Wazazi wakiwa wachache, alama fulani huanza kuandamana kupita kiasi, maana ndama wote wamechota kwa wazee walewale. Kadiri zinavyoandamana, ndivyo wazazi walivyokuwa wachache. Uzuri wake ni kwamba sampuli za wakati mmoja zinatosha.

Sampuli zikiwa chache, hata hivyo, nazo huzaa uandamani wa bahati tu. Huo ukishatolewa kwenye hesabu, pengine hakibaki kitu, na kompyuta hujibu kwamba idadi faafu haina kikomo. Asifurahi mtu! Maana yake ni kwamba sampuli hazikutosha, si kwamba kundi ni kubwa.

Tena kizazi kimoja kibaya huacha kovu refu. Idadi faafu ikiwa 100, ikaanguka hadi 10 kwa sababu ya ujangili, kisha ikarudi 100, wastani unaohesabika kijeni kwa vizazi hivyo vitatu si 70. Ni 25.