Ini la 1963 halikuponya mtu

Husemwa mara nyingi kwamba daktari wa upasuaji Thomas Starzl alipandikiza ini mwaka 1963, mgonjwa akapona, na tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Mwaka ni sahihi. Hayo mengine siyo.

Tarehe 1 Machi 1963, mjini Denver, Marekani, mtoto wa miaka 3 aliyezaliwa na hitilafu ya mirija ya nyongo alivuja damu hadi akafia mezani. Ini bovu halisaidii damu kuganda, na mishipa inayolizunguka huwa imevimba. Ukigusa tu, damu. Waliofuata hawakumaliza hata mwezi. Starzl akasitisha upasuaji huo kwa binadamu, akarudi maabara kwa mbwa aliowafanyia majaribio hadi 1967. Kwangu mimi, huko kusimama ndiko kulikohitaji ujasiri.

Julai 1967, mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu mwenye saratani ya ini alipandikizwa ini, akaishi zaidi ya mwaka, kisha saratani ileile ikamrudia. Bado, miaka ya 1970, wengi walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Kilichogeuza mambo ni saiklosporini, dawa inayouzuia mwili kulikataa ini la mwingine, ambayo Starzl alianza kuichanganya na steroidi, dawa nyingine za kupunguza kinga ya mwili, mwaka 1980.