Kabla hujailaumu skrubu, itazame kichwani

Igeuze skrubu kwenye mwanga. Msalaba unauona. Sasa chungulia katikati ya mikono ya huo msalaba: je, kuna vistari vinne vyembamba, kama vimekwaruzwa kwa sindano? Kama vipo, hiyo si Phillips, ule msalaba wa kawaida. Ni Pozidriv, msalaba wa aina nyingine, na biti (ncha ya bisibisi au drili) uliyoishika yenye maandishi PH2, yaani Phillips namba 2, siyo yake. Inataka PZ2, Pozidriv namba 2.

Kosa hili nimelifanya kwa miaka. Nafunga bawaba za kabati, biti inaruka, trrr, nakandamiza zaidi, inaruka tena, hadi kichwa kinabaki kishimo cha duara kisichoshika chochote. Siku moja nilitupa pakiti nzima nikisema chuma chake laini. Zilikuwa skrubu nzima kabisa.

Phillips, iliyopewa hataza mwaka 1936, ina mikono ambayo kuta zake zimeinama. Ukizungusha kwa nguvu, mteremko ule unaisukuma biti nje, ndiyo maana lazima uiegemee kwa uzito wa mwili. Kuta za Pozidriv zimekaribia kusimama wima na ncha ya biti yake ni butu zaidi, hivyo inashika vizuri. PH ndani ya kichwa cha PZ inachezacheza. PZ ndani ya kichwa cha PH haifiki chini. Vyote viwili vinakula kichwa, na biti pia.

Namba nazo si pambo. Namba 2 inatosha skrubu nyingi za mbao, zenye unene wa takriban milimita 3.5 hadi 5. Nyembamba zaidi inataka namba 1, na ya milimita 6 inataka namba 3.

Halafu kuna suala la majina. Wengi wetu huita msalaba "nyota", kisha ukimwagiza mtu biti ya nyota hujui atakuletea nini. Nyota yenye ncha sita ni Torx, iliyobuniwa Marekani mwaka 1967. Kuta zake zimesimama wima, kwa hiyo nguvu yote inakwenda kwenye kuzungusha. Kwa skrubu ndefu kwenye mbao ngumu mimi sibishani tena, natumia hiyo. Biti zake zina namba zinazoanza na T: mara nyingi T20 ni ya skrubu za milimita 4 na 4.5, T25 ya milimita 5, T30 ya milimita 6. Ila T20 inaingia kwenye kichwa cha T25 na hata kukizungusha mwanzoni, mpaka skrubu ianze kukaza, hapo ndipo inapozilamba zile ncha. Jaribu biti kubwa kwanza, kisha ushuke.

Mraba wa Robertson, kichwa chenye tundu la pembe nne, wa Kanada, hataza ya 1909, unanifurahisha kwa jambo moja: skrubu inakaa kwenye bisibisi bila sumaku, mkono wa pili ukabaki huru kushika ubao.

Na ile ya mfuo mmoja? Usiitie kwenye drili, itateleza na kuchana mbao. Mimi naiweka kwa skrubu za shaba ya njano, hasa kwenye mwaloni, kwa sababu mbao hiyo hufanya weusi ikigusana na chuma penye unyevu. Ubapa wa bisibisi ujaze mfuo kwa upana na kwa unene. Ukiwa na mchongoko kama kabari, utapanda. Wangu niliupiga tupa mpaka nyuso zake mbili zikawa sambamba pale nchani.

Shaba ni laini, na ikikatikia ndani ya ubao, kuitoa ni kazi ya nusu siku. Kwa hiyo toboa tundu kwanza, ingiza skrubu ya chuma ya kipimo kilekile ili nyuzi zake zichonge njia, itoe, kisha paka ya shaba nta ya nyuki na uizungushe kwa mkono, taratibu, hadi kichwa kilale sawa na bawaba.