Soma Upepo na Maji Kabla ya Kushika Darubini

Anayetaka kuona ndege wahamao pwani, wakati wa vuli ya kaskazini mwa dunia, namwomba ajue mambo mawili kwanza: usiku uliopita upepo ulivuma kutoka wapi, na leo maji yanajaa saa ngapi.

Ndege wengi wadogo husafiri usiku, wakiongozwa na nyota na usumaku wa dunia. Anga ikiwa safi na upepo ukiwasukuma kwa nyuma, hupita juu moja kwa moja. Asubuhi vichaka ni vitupu. Mvua au ukungu ukiwakuta baharini, hushukia nchi kavu ya kwanza wanayoiona. Ndiyo maana katika pwani ya mashariki ya Uingereza upepo wa mashariki wenye mvua hungojewa kwa hamu: huwaleta ndege wa Skandinavia. Siku hizo naanzia vichakani kukipambazuka.

Jua likipanda natazama juu. Mwewe na tai huelea kwa hewa moto inayoinuka kutoka ardhini, na juu ya bahari hewa hiyo ni haba, hivyo hufuata ufuo hadi mahali pembamba pa kuvukia. Falsterbo, ncha ya kusini-magharibi mwa Uswidi, ina sifa kwa sababu hiyo.

Lakini raha yangu hasa ni maji yanapojaa. Yakipwa, vitwitwi na sululu hutawanyika mbali matopeni. Yakianza kujaa, huwasogeza karibu. Hapo chunguza manyoya. Ya wakubwa yamechakaa. Ya vijana waliozaliwa mwaka huohuo ni mapya, yenye kingo nyeupe zilizopangana kama magamba. Katika spishi nyingi wakubwa hutangulia, vijana wakafuata wiki kadhaa baadaye bila wa kuwaonyesha njia. Njia wamezaliwa nayo! Oktoba 2022 kijana mmoja wa Limosa lapponica, ndege wa matopeni mwenye mdomo mrefu, mwenye umri wa miezi kama mitano na kifaa cha setilaiti mwilini, aliruka kutoka Alaska, Marekani, hadi kisiwa cha Tasmania, Australia: kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua.

Safari hiyo huendeshwa na mafuta ya mwilini, na kila wanaporushwa bure huyapunguza. Kwa hiyo natafuta mahali pa kukaa mapema, maji yangali mbali, nisisogee tena. Kundi zima likiinua vichwa na kuacha kula, nimekaribia mno. Narudi nyuma taratibu kabla halijaruka.