Virutubisho katika tiba ya uraibu wa pombe: vinafanya kazi gani?

Mtu akilazwa ili aachishwe pombe, vitamini huwa miongoni mwa vitu vya kwanza anavyopewa. Ndugu wengine huona daktari amekosa la kufanya. Wengine hutoka hapo moja kwa moja hadi duka la dawa kununua makopo ya vidonge, wakiamini kwamba hamu ya pombe itakatika. Imani zote mbili zinaweza kumdhuru mgonjwa, ndiyo maana jambo hili linahitaji kuelezwa vizuri.

Kirutubisho cha nyongeza ni vitamini, madini au protini anayopewa mtu mbali na chakula chake cha kawaida, iwe kwa kidonge, unga au sindano. Katika tiba ya uraibu wa pombe kazi yake ni kurudisha kile ambacho ulevi umekimaliza mwilini, ili ubongo, mishipa ya fahamu, moyo na damu visiharibike. Hamu ya kunywa ni suala jingine, na hadi leo hakuna vitamini iliyothibitika kuiondoa.

Upungufu wenyewe huja kwa njia kadhaa kwa pamoja. Gramu moja ya pombe halisi ina kilokalori 7, kwa hiyo mnywaji anajisikia ana nguvu na hana njaa, wakati gongo au chang'aa haina vitamini hata chembe. Anayeanza kuzimua alfajiri huweza kufika jioni bila kutia kitu cha maana tumboni. Hata akila, utumbo uliochubuliwa na pombe hufyonza kidogo, ini lililochoka linashindwa kuhifadhi, madini ya magnesiamu yanapotea kwenye mkojo, na kutapika kunamalizia kilichobaki.

Kati ya vyote vinavyopungua, nasimama zaidi kwenye vitamini B1, yaani thiamini, kwa sababu hapo ndipo mtu hupotea katika siku chache huku watu wanamtazama. Mwili mzima wa mtu mzima huweka akiba ya takriban miligramu 30 tu, na akiba hiyo huisha ndani ya wiki chache ikiwa haiongezwi. Bila B1, seli haziwezi kugeuza sukari kuwa nguvu. Ubongo, unaotegemea sukari hiyo usiku na mchana, huanza kufa katika sehemu zake za ndani kabisa.

Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza habari za wagonjwa watatu waliochanganyikiwa akili, wakayumba wakitembea na macho yao yakashindwa kugeuka sawasawa. Wawili walikuwa walevi. Wa tatu alikuwa mwanamke mshonaji ambaye hakuwa mlevi. Alikuwa amekunywa asidi, na baada ya hapo akawa anatapika mfululizo. Leo tunajua kilichowaunganisha: wote walikuwa wameishiwa B1. Miaka michache baadaye, mwaka 1887, Mrusi Sergei Korsakoff alianza kuandika juu ya hali inayofuata kwa wengi wanaonusurika bila kutibiwa mapema. Mgonjwa hawezi tena kushika jambo jipya. Umemsalimia sasa hivi, ukitoka na kurudi anakuona mgeni, na pengo la kumbukumbu analijaza kwa hadithi ambazo yeye mwenyewe anaziamini. Uharibifu huo mara nyingi haurudi nyuma.

Ubaya wa ugonjwa wa Wernicke ni kwamba unafanana na ulevi wenyewe. Mtu anayumba, maneno hayaeleweki, anaona vitu viwili viwili. Jirani anasema kalewa, na wakati mwingine hata mhudumu wa afya anasema hivyo hivyo. Wenye dalili zote tatu alizozieleza Wernicke (kuchanganyikiwa, kuyumba na macho kushindwa kugeuka) kwa pamoja ni wachache, kwa hiyo madaktari makini hawasubiri zitimie. Ndugu yenu akiwa ana siku mbili au tatu hajagusa pombe na bado anayumba au amepotewa na fahamu za mahali alipo, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na mseme wazi kwamba ni mnywaji na hajala. Taarifa hiyo moja inaweza kubadilisha tiba yote.

Inabadilisha kwa sababu ya dripu. Kwetu mgonjwa aliyedhoofika hutundikiwa dripu ya glukosi, na familia hupumua. Lakini sukari inapoingia mwilini, B1 iliyobaki hutumika kuichoma, na ubongo uliokuwa ukingoni unaweza kudondoka. Ndiyo maana thiamini hutolewa kabla ya glukosi au pamoja nayo. Sukari ya damu ikiwa imeshuka kwa hatari, glukosi haicheleweshwi; vyote viwili vinakwenda sambamba.

Ndiyo maana pia sindano hutangulia kidonge. Mtu mwenye afya anahitaji kama miligramu 1.2 kwa siku, na chakula kinatosha. Mgonjwa wa Wernicke hospitalini hupewa miligramu 200 hadi 500 kwa mshipa, mara tatu kwa siku, kwa siku kadhaa, kwa kuwa utumbo wake ungepitisha miligramu chache tu za kidonge. Magnesiamu nayo hupimwa na kuongezwa, maana bila hiyo thiamini iliyoingizwa haifanyi kazi ipasavyo.

Australia ilifika mbali zaidi. Ugonjwa huu ulikuwa mwingi kule, pakawa na hata pendekezo la kutia thiamini kwenye bia. Hatimaye, tangu 1991, sheria inataka iongezwe kwenye unga wa mkate, na uchunguzi wa ubongo wa marehemu uliofanyika Sydney baadaye ulionyesha kwamba madhara hayo yamepungua. Mimi naona huo ni mfano safi wa kirutubisho kuokoa watu ambao hawakuwa wameacha pombe bado.

Matumaini kwamba vitamini zingekata hamu yenyewe yana historia ndefu. Robert R. Williams, mkemia wa Marekani, ndiye aliyetengeneza thiamini maabara mwaka 1936. Mdogo wake, Roger J. Williams wa Chuo Kikuu cha Texas, akatetea kwa miaka mingi wazo kwamba ulevi unatokana na upungufu wa virutubisho na ungetibiwa kwa lishe. Miaka ya 1960 Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, aliipigia debe vitamini B3 kwa moyo wote, na viongozi wa chama wakataka jambo hilo litenganishwe na jina la chama. Walikuwa watu wa nia njema. Ila ushahidi wa kuaminika haukupatikana, na B3 kwa dozi kubwa huweza kuumiza ini.

Kwa hamu zipo dawa zilizopimwa: naltreksoni na akamprosati, na ipo disulfiramu, ambayo haikati hamu bali humfanya mtu augue akinywa, kwa anayefuatiliwa kwa karibu, pamoja na ushauri nasaha na vikundi vya wanaoacha. Arosto ya pombe nayo ni hatari inayotibiwa na daktari, kwa kawaida kwa dawa za jamii ya diazepamu. Mnywaji wa kila siku akiacha ghafla anaweza kupata mitukutiko kama ya kifafa, kisha maruweruwe na homa, na akafa. Tafadhali msimfungie mtu chumbani na kopo la vitamini.

Virutubisho vingine nitavitaja kwa kifupi. Folati, mojawapo ya vitamini B, ikipungua huleta upungufu wa damu. Zinki hupungua pia, nazo hurudishwa kwa vipimo. Jihadharini na mchanganyiko wenye vitamini A nyingi au madini ya chuma: ini la mnywaji huumizwa na vitamini A kwa kiwango ambacho mwingine angekistahimili, na chuma huweza kurundikana humo bila mtu kujua.

Mgonjwa akishatoka hospitali huendelea na vidonge vya B1 kadiri daktari atakavyosema, na chakula kinashika nafasi: dona badala ya sembe, kwa kuwa kukoboa huondoa sehemu yenye vitamini hiyo, kisha maharage, karanga, njegere na nyama. Akirudia kunywa, asinyimwe vidonge hivyo kama adhabu. Anayeendelea kunywa huku hali chakula vizuri ndiye anayehitaji thiamini zaidi ya wote, na kidonge chake ni cha bei ndogo.