Je, wajua? Miti mingi iliyorudi Shinyanga haikupandwa na mtu

Nianze kwa kukiri kosa. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu, tena kwa sauti ya mjuzi, kwamba Shinyanga iliokolewa na kampeni ya kupanda miti. Picha nilikuwa nayo kichwani, kamili: lori la miche, wanafunzi na ndoo za maji, mheshimiwa ameshika jembe jipya huku mpiga picha akimwomba asimame hivyo hivyo kidogo. Ukiniuliza mkoa ule ulitokaje kwenye vumbi ukarudi kwenye kijani, jibu langu lilikuwa neno moja: miche.

Siku moja nikakaa na kalamu. Mwaka 1986 maeneo ya malisho yaliyohifadhiwa na wenyeji, yale yanayoitwa ngitili, yalikuwa yamebaki kama hekta 600 tu katika mkoa mzima. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuwa yamepita hekta 300,000, katika vijiji 833. Sasa piga hesabu ya miche. Ukipanda 1,000 kwa hekta, unahitaji miche milioni 300. Igawe kwa miaka 16, kisha kwa siku 365. Unapata miche zaidi ya 51,000 kila siku, Idi na Krismasi zikiwemo, na wote wapone, katika nchi ambayo mvua ikiisha Aprili unaweza usiione tena hadi Novemba. Hakuna kitalu cha namna hiyo. Kingekuwepo, kingehitaji ziwa lake.

Basi miti ilitoka wapi? Jibu fupi: ilikuwepo pale pale muda wote, chini ya miguu ya watu waliokuwa wakilalamika kwamba hakuna miti.

Kabla sijafika huko, historia kwa haraka. Shinyanga ninayoizungumzia ni ile ya zamani, kabla ya 2012, ambayo ndani yake zilikuwemo Maswa, Meatu na Bariadi, ambazo sasa ni za Simiyu, na Bukombe, ambayo imekwenda Geita. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilifyeka vichaka ili kuwanyima mbung'o mahali pa kujificha. Idara ya utafiti wa mbung'o, chini ya C.F.M. Swynnerton, ilikuwa na makao yake huko huko Shinyanga. Ikaja pamba ikataka mashamba, mifugo ikaongezeka, kuni na mkaa vikachukua vilivyobaki. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu na kuwakusanya pamoja, na mtu aliyekuwa akilinda eneo lake kwa kulitazama tu kutoka mlangoni akajikuta anaishi kilomita kadhaa kutoka hapo. Mkoa ukapachikwa jina la jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa fedha za Norway, na baadaye watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, wakaungana nao.

Hapa napata faraja kidogo: HASHI nao walianza na kosa langu. Miaka ya mwanzo walijenga vitalu na kugawa miche. Hawakuwa peke yao. Kule Niger, katika eneo la Maradi, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alihangaika na miche kwa miaka na mingi ikamfia. Mwaka 1983, akiwa njiani na gari lililojaa miche, alisimama kupunguza upepo kwenye matairi ili avuke mchanga. Akatazama kichaka kimoja kando ya barabara, akakisogelea, akachunguza jani. Hakikuwa kichaka. Ulikuwa mti uliokatwa, unachipua kutoka kwenye kisiki chake. Tambarare yote aliyokuwa akiiona tupu ilikuwa imejaa visiki vya aina hiyo. Miongo miwili baadaye watafiti wakilinganisha picha za angani na za setilaiti walikadiria hekta milioni 5 za Niger zilizorudisha miti kwa njia hiyo.

Mimi sikuhitaji kwenda Niger. Nilikuwa nimesimama na mzee mmoja kwenye ngitili yake, upande ambao sasa ni Simiyu, nikamuuliza, "Mzee, hii migunga mliipanda mwaka gani?" Alicheka, kisha akainama na kutenganisha nyasi kwa fimbo yake. Chini palikuwa na kisiki kipana kama sinia la pilau, cheusi kwa moto wa miaka mingi, kimepasuka katikati. Kutoka ubavuni mwake yalikuwa yamesimama mashina matatu, kila moja nene kama paja, na pembeni yake makovu ya mashina mengine yaliyokatwa zamani. "Huu ulikuwepo kabla yangu, mwanangu," akasema. "Sisi tuliuacha tu."

Kwanza tuone kilichomo ndani ya kile kisiki, maana ndicho kilichonifanya nipende habari hii.

Mti ukikatwa, sisi tunaona kifo. Lakini kilichoondoka ni sehemu ya juu tu. Chini mizizi iko mahali pake, imeshachimba miaka kumi au thelathini kutafuta unyevu, na ndani yake umehifadhiwa wanga, kama mhogo unavyohifadhi. Juu kidogo, pale shina linapokutana na mizizi, chini ya gome, kuna macho yaliyolala. Macho hayo hayachipui mti ukiwa mzima kwa sababu ncha za juu hutuma chini homoni iitwayo auksini, nayo huyazuia. Fikiria darasa lenye mwalimu mkali amesimama mbele: watoto sitini, kimya. Mwalimu akitoka nje dakika moja tu, wote wanasimama kwa pamoja. Ukikata kichwa cha mti umemtoa mwalimu. Macho yanaamka, na badala ya shina moja unapata machipukizi kumi na tano yanayogombania nafasi. Mama yeyote anayechuma kisamvu analijua jambo hili bila kulisoma popote: ukichuma ncha, mmea unatanuka.

Sasa linganisha chipukizi hilo na mche wa kitaluni. Mche ni kijana aliyeteremka stendi ya mjini na begi moja. Atafute chumba, atafute kazi, atafute maji, na yote hayo kabla hela ya nauli iliyobaki mfukoni haijaisha. Chipukizi la kisiki ni mtoto aliyezaliwa katika nyumba yenye ghala na kisima. Hata mvua ikichelewa wiki sita, yeye analishwa kutoka chini. Ndiyo maana linarefuka haraka wakati mche wa jirani bado unahesabu majani yake manne.

Kama ni rahisi hivyo, kwa nini Shinyanga ilikaa miongo bila miti? Kwa sababu kila chipukizi lilikuwa na wateja. Mbuzi kwanza. Kisha moto wa kiangazi, kisha jembe, kisha mtu mwenye panga anayetafuta kuni za jioni. Ni sawa na mfanyakazi anayepokea mshahara kila mwezi na kukabwa langoni kila mwezi. Anafanya kazi kweli, lakini ukimtazama kwa nje utadhani hana kazi. Kisiki kinatoa wanga wake, kinachipua hadi magotini, kinaliwa, kinaanza upya. Mtu anayepita anaona kichaka kisicho na maana. Kumbe ni msitu uliozuiwa kuvuka urefu wa mdomo wa mbuzi.

Na urefu huo ndio mpaka wenyewe. Chipukizi likishapita mahali ambapo mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili anaweza kufika, na gome lake likishakuwa nene kiasi cha kuhimili moto wa nyasi, vita vimekwisha. Kinachohitajika ni misimu michache ya kuachwa, na kupogoa kidogo: chagua mashina mawili au matatu yenye nguvu, mengine kata yawe kuni. Mzee wangu na makovu yale ya pembeni alikuwa amefanya hivyo hivyo.

Tahadhari mbili. Si kila aina ya mti huchipua vizuri, na kisiki kilichokabwa kwa miaka mingi mno huishiwa; ghala lina mwisho. Tena palipolimwa kwa trekta hadi mizizi ikang'olewa, hakuna cha kuamsha. Pia si kila mti ulitoka kwenye kisiki. Mbegu za migunga zina ganda gumu, na ng'ombe na mbuzi wanaokula matunda ya migunga hiyo huzisambaza kwenye samadi. Yaani mbuzi niliyemshtaki hapo juu naye alipanda miti, bila kulipwa posho ya siku.

Turudi kwa mzee na neno lake, "tuliuacha tu". Neno "tu" hapo linadanganya, kwa sababu kuacha ni kazi, na ni kazi ya watu wengi kwa pamoja. Mimi naweza kuacha kisiki changu. Mbuzi wa jirani hawajasikia habari hiyo.

Ngitili ni jibu la Wasukuma kwa tatizo hilo, na ni la zamani kuliko mradi wowote. Mvua zikianza, eneo linafungwa. Hakuna kuchunga humo msimu wote wa mvua wakati nyasi ziko kila mahali. Kiangazi kikikaza, kwenye Julai au Agosti, linafunguliwa, tena kwa mpango: ndama, ng'ombe dhaifu na maksai wanaotegemewa kuvuta plau mvua zitakaporudi. Lengo la asili lilikuwa nyasi. Miti ilikuja kama nyongeza, maana miezi ile mifugo isipokuwepo ndiyo miezi ambayo chipukizi hukua.

Ngitili nyingine ni za kaya, za hekta chache. Nyingine ni za kijiji, makumi ya hekta na zaidi. Hizi za kijiji ndizo zinazowashangaza waliofundishwa kwamba mali ya wote ni mali ya asiyekuwepo. Ngitili ya kijiji inao wenyewe, tena wanajuana kwa majina na kwa rangi za ng'ombe wao. Sheria hupangwa kwenye dagashida, mkutano wa jamii: linafungwa lini, nani anaruhusiwa kuchukua nguzo au nyasi za kuezekea, faini ni nini. Faini hiyo huangalia kosa na aliyelitenda. Anayechungia humo usiku hachukuliwi sawa na mtoto aliyepotewa na ndama. Ulinzi ulifanywa na sungusungu, wale wale waliozuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabili wezi wa ng'ombe. Mtu aliyezoea kufuatilia nyayo za ng'ombe aliyeibwa hapati shida kufuatilia za ng'ombe aliyeingia ngitili.

Hapo ndipo HASHI, kwa sifa yao, walipobadilika. Walipoona miche haiendi kasi waliyotaka, walianza kuwauliza wazee kuhusu ngitili, na msaada ukabadilika sura: mikutano, ushauri wa kupogoa, ziara za wakulima wa kijiji kimoja kwenda kutazama cha wenzao, na kuingiza mipaka ya ngitili kwenye sheria ndogo za kijiji. Kwa macho ya mfadhili ni matumizi yasiyopigika picha. Huwezi kukata utepe mbele ya mkutano. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2004 mradi ukafungwa.

Faida zimepimwa, ingawa vipimo hivi visomwe kwa jicho la kiasi. Utafiti uliotoka mwaka 2005 ulikadiria kwamba mazao ya ngitili, kuanzia kuni, malisho, asali na dawa hadi matunda pori, yalikuwa na thamani ya dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Ni namba nzuri mno, na sehemu kubwa yake ni vitu visivyouzwa sokoni, hivyo mtafiti ndiye aliyevipa bei. Hata ukubwa wa ngitili zenyewe hutajwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, kutegemea nani kahesabu na kama alizihesabu zile ndogo za kaya. Halafu kuna swali la nani ananufaika: mwenye ng'ombe themanini anavuna nyasi nyingi kuliko mjane mwenye mbuzi watatu, na mwenye ardhi kubwa ndiye anayeweza kujifungia ngitili yake binafsi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake ya msitu, lakini ngitili nyingi bado zinasimama juu ya makubaliano ya mdomo, na makubaliano hayo huyumba kijana wa ukoo anapotaka shamba au anapokuja mtu na pesa za mkaa.

Na kuna gharama ambayo sikuitarajia. Utafiti ule ule uliandika kwamba wanyamapori waliorudi pamoja na vichaka walikuwa wakizitia kaya hasara ya zaidi ya dola 60 kwa mwaka, mazao na mifugo vikiwemo. Fisi wanapenda mahali penye kivuli na mahali penye ndama, na ngitili inayo yote mawili. Watu wanalalamika, kisha jioni wanaziba lango la zizi kwa matawi ya miiba, ambayo siku hizi hayatoki mbali.