Kumbukumbu Haihesabu Dakika

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha nina desturi ya kumwomba mtu mwenye wasiwasi aandike kila jioni, kwa tarakimu kati ya 0 na 10, wasiwasi wake ulikuwa mkali kiasi gani siku hiyo. Wiki inapokwisha humwuliza, kabla hatujafungua daftari, wiki nzima ilikuwaje. Majibu hayo mawili hulingana kwa nadra. Mtu aliyeandika 3, 4, 3, 2, 4, kisha 9 jioni moja, hunieleza kwamba hakupata nafuu hata siku moja, na nikimwonyesha mwandiko wake mwenyewe hushangaa. Wapo hata wanaodai kwamba daftari ndilo lililokosea.

Mtu huyo hasemi uongo, wala hajasahau kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Tumezoea kuifikiria kumbukumbu kama maandishi yanayofifia, na kama kasoro yake ingekuwa kufifia tu, makosa yetu yangetawanyika ovyo, mengine yakizidisha na mengine yakipunguza. Sivyo yalivyo. Makosa ya kumbukumbu yana upande yanaoelekea, yaani yana mwegemeo, na ndiyo sababu tunaweza kuyatabiri.

Jaribio ninalolipenda zaidi katika somo hili lilichapishwa mwaka 1993 na mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake. Washiriki 32 walitumbukiza mkono mmoja katika maji baridi ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Kwa mkono mwingine walivumilia sekunde 60 zile zile katika baridi ile ile, kisha wakaubakiza mkono majini kwa sekunde 30 zaidi, huku maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15, kiwango ambacho bado kinauma ila si kama mwanzo. Walipoulizwa wangependa kurudia lipi kati ya majaribio hayo mawili, zaidi ya theluthi mbili walichagua lile refu, yaani walichagua kuumia zaidi, kwa kuwa hilo lina maumivu yote ya lile fupi na ziada juu yake.

Maelezo ya watafiti hao ni kwamba akili haijumlishi nyakati. Huchukua hasa nyakati mbili, ule uliokuwa mkali kupita zote na ule wa mwisho, ikaufanya wastani wake kuwa hukumu ya tukio zima. Urefu wa tukio karibu haumo kabisa katika hesabu hiyo. Mwaka 1996 daktari Donald Redelmeier na Kahneman waliyaona hayo nje ya maabara, kwa wagonjwa waliokuwa wakichunguzwa utumbo mpana kwa mpira wenye kamera na kutaja kiwango cha maumivu kila dakika. Wapo waliomaliza kwa dakika chache na wapo waliokaa zaidi ya saa moja, lakini muda huo haukusaidia kutabiri namna walivyoukumbuka uchunguzi baadaye. Kilele cha maumivu na dakika za mwisho ndivyo vilivyotabiri. Utafiti uliofuata mwaka 2003 ulihusisha wagonjwa 682, na kwa nusu yao daktari aliiacha ncha ya kifaa ikiwa imetulia ndani kwa hadi dakika tatu za ziada kabla ya kuitoa. Nusu hiyo iliukumbuka uchunguzi kuwa na uchungu mdogo zaidi. Nakiri kwamba matokeo hayo yananitia shaka ya kimaadili kila ninapoyafundisha, kwa sababu sina hakika nani hasa alihudumiwa pale, yule aliyekuwa amelala kitandani au yule atakayekumbuka kesho.

Mwegemeo mwingine hutokana na hali tuliyo nayo tunapokumbuka. Mwenye maumivu makali leo huyakumbuka ya wiki iliyopita kuwa makali kuliko alivyoyaandika wakati ule, na mwenye huzuni hufikiwa upesi zaidi na mambo ya huzuni. Sitakaa sana hapo, kwa kuwa wengi wanalihisi jambo hilo wenyewe.

Linalohitaji maelezo zaidi ni namna ujuzi wa leo unavyovamia jana. Kabla ya safari za rais Nixon wa Marekani mwaka 1972 kwenda Beijing na Moscow, watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwauliza watu kila tokeo lililodhaniwa lina uwezekano wa asilimia ngapi. Baada ya safari waliwataka wakumbuke makadirio yao wenyewe, na kwa matukio ambayo watu waliamini yametokea, wengi walikumbuka kuwa waliyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyokuwa wametamka. Katika chumba changu cha ushauri mwegemeo huu huumiza kuliko yote. Aliyeachwa na mwenzi wake huniambia, "Dalili nilikuwa naziona tangu mwanzo, nikanyamaza," kisha hujilaumu miaka kadhaa kwa kupuuza jambo ambalo siku zile halikuwa wazi kwa mtu yeyote. Nikimwomba anisomee ujumbe aliomwandikia mwenzake wakati huo, mara nyingi tunamkuta mtu mwenye matumaini, asiyejua kitu.

Tangu niyazingatie haya nimebadilisha jinsi ninavyomaliza vikao. Jambo gumu haliachwi tena hadi dakika za mwisho. Tunalishika mapema, na robo saa ya kufunga huwa ya utulivu, maana najua kikao chote kitahukumiwa kwa sehemu hiyo. Watu hurudi kwa urahisi zaidi, na wakiulizwa husema kikao kilikuwa kizuri. Sifa hiyo siichukulii kuwa ushahidi kwamba wamepata nafuu, kwa kuwa nimeitengeneza mimi mwenyewe kwa kupanga mwisho. La nafuu naliangalia katika zile tarakimu za jioni.